Shukrani za Mama Antipasi

Barua ilitoka Dar es Salaam, na Ezekieli, katibu wa kijiji, aliisoma mara mbili kabla ya kumwita mwenye barua.

"Mama Antipasi, unaitwa Singida mjini. Wale waliosoma na marehemu mwanao wanakutana Julai hii. Wanataka uwashukuru watu kwa mdomo wako."

"Nitakwenda," alisema Rahabu.

Ezekieli alishangaa. Tangu Machi mama huyo alikuwa hasemi na mtu, hata kwenye shamba la kijiji alilima pembeni peke yake. Alidhani atalazimika kumbembeleza.

Mwanawe Antipasi alikuwa mtu wa kwanza wa Unyamisuna kufika Chuo Kikuu. Alihitimu mwaka 1967. Miaka miwili baadaye lori lilipinduka naye kwenye mteremko wa Sekenke, akazikwa nyumbani, nyuma ya zizi la baba yake. Wenzake wa darasa walichanga wakajenga zahanati pale pale Unyamisuna: matofali ya kuchoma, mabati mapya, na chumba cha kujifungulia chenye vitanda viwili. Jina la Antipasi liliandikwa kwenye saruji juu ya mlango. Kwa miaka mitatu watoto walizaliwa mle, na Rahabu alikuwa akienda kufagia uani bila kuombwa na mtu.

Oktoba 1974 walikuja mgambo. Watu wote walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nyumba za tembe zilibomolewa ili mtu asipate pa kurudi. Zahanati haikubomolewa. Mganga alipangiwa kwingine, na baada ya wiki chache Ezekieli alipeleka watu wakaezue mabati, akaezekea ofisi ya kijiji kipya. Zahanati nyingine iliahidiwa.

Ilikuwa bado inaahidiwa Machi iliyofuata, Yunisi aliposhikwa na uchungu. Yunisi alikuwa mdogo wake Antipasi, mtoto pekee aliyebaki kwa Rahabu. Walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakaanza safari ya hospitali ya misheni. Siku nzima Rahabu alitembea ameshika mguu wa binti yake. Alasiri ule mguu ukapoa. Mtoto hakutoka.

Hilo ndilo alilokuwa analipeleka Singida.

Ukumbini walikuwa watu wapatao thelathini, wamependeza, wanaitana kwa majina ya utani ya bwenini. Walimkumbatia mmoja mmoja. Dada mmoja mrefu, Leah, mwenyekiti wao, alikuwa anafanya kazi wizarani. Alipiga goti akamwamkia shikamoo, na machozi yakamtoka kweli.

"Mama, Antipasi ndiye aliyenifundisha hesabu. Bila yeye nisingemaliza."

Rahabu alimwitikia marahaba. Akampenda, na hilo likamwongezea uzito wa neno alilokuja kulisema.

Simoni alikuja mwisho. Huyu alimjua. Alikuwa Mnyaturu kama wao, na likizo zile za zamani alikuja na Antipasi Unyamisuna akala ugali wa uwele nyumbani kwake. Sasa alikuwa afisa wilayani. Oktoba ile yeye ndiye aliyesimama juu ya gari akisoma majina ya kaya. Alimwamkia akiangalia chini.

Waliletewa wali na kuku. Rahabu, ambaye tangu ukame uanze alikuwa akila unga wa msaada wa mahindi ya njano, ulioitwa Yanga, alitia matonge mawili mdomoni akasukuma sahani.

"Kula, mama," alinong'ona Ezekieli. "Halafu utasema maneno mafupi. Umeshukuru, wanawake wanashukuru, basi. Mimi nitatafsiri."

Alipoitwa, alisimama akashika meza. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kununulia chumvi, kwa hiyo alisema Kinyaturu.

"Wanangu, mlinipa zawadi kubwa mtoto wangu alipokufa. Nawashukuru. Mungu aliona."

Ezekieli alitafsiri vizuri. Watu wakapiga makofi.

"Lakini nyumba ile haina mtu. Tulihamishwa. Haina mabati, nyuki wamehamia kwenye chumba cha kuzalia."

"Mama anasema," alianza Ezekieli, "nyumba ile imetuunganisha. Tumehamia kijiji cha Ujamaa, tuko pamoja, na chumba cha kuzalia kinatumika usiku na mchana."

Makofi tena. Rahabu alimtazama. Neno "kinatumika" alilielewa.

"Binti yangu Yunisi amekufa na mimba yake kwenye mkokoteni," alisema, sauti ikipanda. "Dada yake Antipasi. Amekufa njiani kwa sababu hakukuwa na mlango wa kuingia. Nimekuja mjue."

Ezekieli alikuwa anatoka jasho mpaka kola imelowa. "Mama amezidiwa na uchungu wa kumkumbuka mwanawe," alisema. "Anasema hata binti yake, dada yake Antipasi, anawashukuru sana."

Ukumbi mzima ulisimama.

"Si hivyo," alisema Rahabu kwa Kiswahili. "Huyu anasema uongo. Si hivyo." Lakini mtu alikuwa ameshaanzisha wimbo, wengine wakapokea, na Leah alikuwa amemkumbatia kichwa chake kifuani, akilia. Kando ya mkono wa Leah, Rahabu alimwona Simoni. Kila neno alikuwa amelisikia kwa lugha ya mama yake. Simoni alikuwa anapiga makofi.

Kisha Leah akatangaza kwamba wenzake, kwa furaha waliyoipata, wataongeza vitanda sita kwenye zahanati ile ile, na kwamba kesho wote wataenda kuiona.

"Kwenda ndiyo itakuwa kazi," alisema Simoni upesi. "Petroli hakuna wilayani. Vitanda nitavipokea mimi."

Rahabu alimfuata nje, penye magari.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mbona umenyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye niliyewahamisha? Amri ilitoka juu. Nikisema amri ile ilikosea, kesho atakaa mwingine kwenye kiti changu, na ninyi mtabaki pale pale."

"Nipe basi ruhusa nirudi. Mimi peke yangu. Nikakae karibu na kaburi la Antipasi."

"Siwezi. Ukirudi mmoja watarudi wote."

"Wewe umekula kwangu, Simoni."

"Nimekula," alisema. Macho yalimjaa maji. Akatoa kanga mpya ndani ya gari, bado imekunjwa, akamwekea mikononi. Rahabu aliiweka juu ya boneti, akaenda kusubiri lori.

Njia nzima Ezekieli alijitetea. "Nina watoto watano, mama. Mabati niliyatoa mimi. Ningefungwa." Walipofika Rahabu alishuka, akaenda moja kwa moja kulala.

Vitanda vilikuja Septemba. Dereva alikuwa na karatasi iliyoandikwa Unyamisuna, akaenda Unyamisuna. Hakukuta mtu wa kutia sahihi, akavishusha ndani ya kuta zisizo na paa. Mvua za Desemba zilivikuta huko. Simoni alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine.

Ezekieli alileta karatasi nyingine, barua ya kushukuru vitanda, na kikebe cha wino. Rahabu alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Alimweleza kuwa hatatia dole gumba.

Ezekieli alikwenda ofisini, akafunga mlango, akabonyeza dole lake mwenyewe kwenye karatasi, mahali pa Rahabu.