Chakula Kisichoona Moto

Dhahabu aliiona meza kabla hajaufikia mlango. Ilikuwa imetolewa nje, chini ya ukingo wa paa, kitambaa chake cha mistari kimetandikwa vizuri, na juu yake sahani mbili zimeliwa zikabakia maji ya ndimu na mbegu za nyanya. Akautua mfuko wa makaa hapo hapo topeni.

"Babake Rashid! Nani ametoa meza hii?"

Bakari mumewe akatokea na kisu mkononi, leso ya mkewe kaifunga kiunoni kama mpishi wa arusi. Uso wake ulijaa furaha. "Ah, umerudi! Dada yako hajambo? Haya, ingia uone. Tangu uende Likoni sijafunga hata siku moja. Watu waja, wala, washukuru. Kumbe kazi yako ni mikono tu, mke wangu."

Macho ya Dhahabu yalikuwa kwenye ndoo iliyokaa karibu na mguu wa mumewe. Ndani yake matango yalielea, ya kijani, yaking'aa.

"Maji hayo ni ya wapi?"

"Ya kisimani. Mabomba si yamevunjwa na mafuriko?"

"Umeyachemsha?"

Bakari akacheka. "Maji ya kuoshea tu? Kwani tango nalipika?"

Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuja Kisauni kama mgeni asiyejua kuaga. Mitaro ilifurika, vyoo vya shimo vikajaa hadi mdomoni, na maji ya rangi ya chai yakawa yakipita mitaani, yakizunguka ukingo wa kisima, yakienda yanakotaka. Kisha likaja lile neno, kipindupindu. Watu walilitamka kwa sauti ya chini, kana kwamba lina masikio. Siku aliposikia kuwa mtaa wa pili wamezika, Dhahabu aliikunja meza yake kwa mikono yake mwenyewe, akaisukuma uvunguni mwa kitanda. "Mpaka mvua ikate," akamwambia mumewe. Bakari akaitikia kwa kichwa. Ndipo akavuka kwenda Likoni kumwuguza dada yake, roho yake imetulia.

Hakujua kwamba kichwa kile kiliitikia tu.

Wala si kwamba Bakari alikuwa mtu mbaya. Miaka michache nyuma alikuwa kuli bandarini, akaanguka na gunia mgongoni, na daktari akamwambia ni presha: aache chumvi, aache mafuta, ale mboga na matunda. Bakari alikuwa mtu wa biriani na viazi karai. Mboga za kuchemsha bila chumvi alizitazama kama mtu aliyeletewa matandiko ya maiti. Dhahabu ndiye aliyehangaika. Akakata kabichi nyembamba kama uzi, akaparuza karoti na embe bichi, akaotesha punje za pojo katika kitambaa kibichi hadi zikatoa vijimkia vyeupe. Akakuna nazi, akakamua tui zito, akalimimina juu vile vile bila kulionyesha moto, na ndimu, na kotmiri, na pilipili kidogo ya kuamsha ulimi.

"Mimi mbuzi?" Bakari aliuliza siku ya kwanza. Kisha akaonja. Pojo zikamkatikia menoni, embe likamkunja uso, tui likaja nyuma likamfariji. Akala akafuta sahani kwa kidole. Miezi ikapita, kizunguzungu kikapungua, akarudi kupanda baiskeli. Majirani wakataka kujua anakula nini, na hivyo ndivyo meza ilivyotoka nje. Wakakiita bichi. "Nipe bichi, Bi Dhahabu, usinipunguzie tui." Bakari akawa mhubiri wake. Kila mgonjwa wa mtaa alimwambia: kula bichi, utapona.

"Bichi ni dawa," alisema sasa, kicheko kikianza kumpotea usoni. "Mwenyewe wajua. Dawa yaweza kuua?"

"Wamekula kina nani?"

"Watu wengi wanaogopa siku hizi. Waliokuja ni Pascalia na Mzee Ngala tu. Juzi, na jana; leo Pascalia peke yake." Akasita. "Na mimi."

Dhahabu akaiinua ndoo, akaimwaga mbali na kisima. Matango yakabingirika topeni. Akawasha makaa, akateleka sufuria kubwa ya maji. "Yakichemka, yatoe, uweke chumvi na sukari kama nilivyokuonyesha. Unywe," akasema. "Mimi naenda kuwaambia."

"Utawaambia nini? Watatuvunjia jina!"

"Waache wavunje."

Pascalia, fundi wa kushona, alikuwa barazani na cherehani yake, wimbo wa kanisani mdomoni. Alipomwona Dhahabu akaachia tabasamu. "Karibu, mama. Mzee wako amekushinda, leo alitia tangawizi!"

"Pascalia, mwanangu, tumbo lako laendaje?"

"Liko sawa. Kwa nini?"

Dhahabu akamweleza, hakuficha kitu: kisima, ndoo, maji mabichi. Cherehani ikanyamaza. Pascalia akauweka mkono juu ya kitambaa alichokuwa akishona, ukabaki pale.

"Mama," akasema polepole, "jana nilifunga sahani nikampelekea mamangu Kongowea. Alikuwa hana hamu ya chakula. Nikasema hiki atakipenda."

"Alikula?"

"Alimaliza." Alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta viatu kwa miguu bila kuangalia chini. "Alimaliza yote, akasema nimshukuru mpishi."

Akatoka akikimbia, mlango ameuacha wazi.

Kwa Mzee Ngala, Dhahabu hakuhitaji kubisha. Mzee huyu hakuwa na meno, na kwa miaka Dhahabu alikuwa akimparuzia kila kitu laini kama uji. Sasa mkaza mwanawe alikuwa uani akifua shuka, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. "Alianza alfajiri," akasema. "Yatoka kama maji ya mchele. Hata sauti imekatika."

Ndani, Mzee Ngala alilala ubavu, mashavu yamemzama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa sana baharini. Akamtambua Dhahabu. Midomo ikacheza, lakini lililotoka lilikuwa pumzi tu.

Gari lisingefika pale kwa tope. Musyoka, hamali wa soko la Kongowea aliyepanga nyumba ya nyuma, akaleta mkokoteni wake, wakatandika godoro, wakamlaza mzee. Walipoanza kuusukuma, gurudumu likazama. Ndipo Dhahabu akaona mikono mingine imeshika mbao za nyuma. Bakari alikuwa amekuja. Leso ingali kiunoni. Hakumtazama mtu. Akainama, akasukuma kwa bega kama alivyokuwa akisukuma mizigo bandarini, na mkokoteni ukachomoka, ukaenda ukiyumba kuelekea zahanati.

Alirudi kabla ya magharibi, amelowa hadi kiunoni.

"Wamemtundikia maji ya mshipa," akasema. "Wasema tungechelewa kidogo tu..." Akaketi kizingitini. "Watu ni wengi kule, Dhahabu. Wamelazwa hata kwenye veranda."

"Na wewe? Tumbo?"

"Languruma. Labda ni woga."

Dhahabu akampa gilasi ya maji ya chumvi na sukari, yakiwa yangali vuguvugu. Bakari akayanywa yote, akaishika gilasi tupu kwa mikono miwili. "Nilitaka ukirudi uone nimefanya kitu," akasema. "Basi."

Dhahabu akakaa kando yake kizingitini, bega kwa bega. Mvua ilikuwa imepumzika, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Kutoka upande wa Kongowea, ambako Pascalia alikuwa hajarudi, wakasikia mtu anakuja mbio, viatu vikipiga tope. Akavuka duka. Akavuka msikiti. Bakari akaishusha gilasi chini taratibu, na wote wawili wakasikiliza kama zile nyayo zitapita.