Mstari wa Vipepeo Shambani kwa Mogaka

Jumanne ya mwisho ya Agosti, saa tatu asubuhi, Mzee Mogaka wa Manga alibeba kiti cha plastiki, darubini na daftari, akaketi kando ya chai yake kuhesabu vipepeo. Alikuwa amestaafu kazi ya kuwashikia wapima ardhi mnyororo, na elimu ya wadudu alijifundisha mwenyewe, ndiyo maana darubini aliielekeza kwa vitu vilivyo mita mbili kutoka puani. Majina ya vipepeo hakuyajua, akawapa ya kwake: Mchungaji, mweusi mwenye kola nyeupe, na Naibu Karani, wa manjano asiyetulia.

Siku hiyo vipepeo mia mbili na sita walitua kwa mstari ulionyooka, kutoka barabarani hadi mtoni, wakiikata chai yake. Saa kumi na mbili jioni nondo walikuja kuwapokea zamu. Asubuhi vipepeo walirudi, kila mmoja mahali pake.

Mogaka alipima kutoka mstari hadi ua wake wa masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Hatua nne. Alizijua. Aliusogeza ua huo wiki aliyozikwa mume wa jirani yake Bathsheba, watu wote wakiwa matangani.

Bathsheba alikuja na kikapu cha kuchumia.

"Baba Walter, wageni wako wamekaa palipoishia migomba yangu."

"Mama Ashley, hawa ni wadudu. Hawajui ramani."

"Wewe uliijua. Sasa hii chai ya huku nichume?"

"Usiwasumbue. Niko kwa utafiti."

Chifu Ogoti aliitwa. Aliutembea mstari wote, akimruka nondo mmoja aliyechelewa kutoka zamu, akasema umenyooka kuliko kazi nyingi za ofisini. Kisha akauliza kama vipepeo wana barua yenye muhuri. Hawakuwa nayo.

"Basi mpaka ni masale," alisema, akaingia kwa Mogaka kunywa uji.

Bathsheba alirudi upande wake wa ua. "Angalau andika vizuri," alisema. "Si ulikuwa mtu wa vipimo?"

Vipepeo walibaki. Wachumaji wa Mogaka walizoea kuwaomba njia. Naye alijaza daftari kwa mwandiko wa kiofisi: tarehe, hali ya hewa, idadi. Penye neno "mahali" aliandika, "Shambani kwangu."

Mchungaji akaja akatua juu ya "kwangu." Mogaka alimpulizia. Alimsubiri hadi uji ukapoa. Alipoona haondoki, alihesabu mia mbili na tano, akachukua karatasi nyingine, akaandika tena, "Shambani kwangu."