Sahihi Chini ya Mwezi

Jua lilikuwa halijatoka vizuri na Mama Simone alishakasirika mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya mtumbwi wa mota uliotoka Yanonge. Mwenye mtumbwi alisema mafuta yamepanda tena, kwa hiyo akapakia vikapu vitatu vya samaki badala ya vitano, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimelowa. Mara ya pili ni kwa sababu ya karatasi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapanga samaki waliokaushwa kwenye sinia, wakubwa juu, wadogo chini, na hakuwa na kitu cha kuwafungia.

Akamwambia binti yake amletee lile daftari la kijani lililokuwa juu ya kabati. Plamedie akasema lile hapana, si la kuchanwa. Ugomvi huo ulikuwa wa kila asubuhi. Mama alifungia samaki kwa madaftari ya zamani, na kwake yeye, daftari lenye michoro ya mwezi lilikuwa la zamani tangu siku lilipoanzwa. Ukurasa mmoja wa Novemba ulishakwenda sokoni na samaki wa mtu, haukurudi.

Mama Simone hakusoma. Alijua herufi sita tu, zile za jina lake, na aliziandika kwa mkaa kwenye vikapu ili visichanganyike na vya wenzake mtoni. Lakini alijua leo ni siku gani. Akachagua ngolo mkubwa kuliko wote, kambare mnene aliyekaushwa vizuri mpaka kwenye mkia, akamfunga kwa jani.

"Huyu angetulisha mpaka Jumapili," alisema. "Peleka. Akule vizuri, lakini akusikilize vizuri."

Aliyepelekewa samaki ni mkaguzi wa shule. Wanafunzi wote walikuwa wameambiwa walete kitu cha kumpokea: huyu ndizi, huyu mafuta, huyu mkaa. Mkaguzi alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa darasa la sita la sekondari ambaye shirika fulani lingemlipia chuo kikuu, tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Mmoja tu. Walibaki wawili, Eddy na Plamedie. Eddy ni mtoto wa muuzaji wa jumla aliyetoka Butembo; akikosa, baba yake angelipa bila kukunja uso. Plamedie akikosa, sinia lile la samaki lilikuwa linamngoja, na wala hakuna aliyehitaji kumwambia.

Sasa kuhusu daftari. Mwalimu Isaïe, aliyefundisha jiografia na fizikia, hakuwa na darubini. Shule nzima ilikuwa na tufe moja la dunia, limepasuka kwenye Bahari ya Pasifiki. Siku moja ya Septemba akawaambia wanafunzi wafunge vitabu. Kitabu hiki, alisema, kilichapishwa mbali, kwa watoto wa mbali, ambao hawajawahi hata kuuona Msalaba wa Kusini. Kinasema nyota ya kaskazini iko juu kabisa, nusu ya anga. Hapa Kisangani tumekaa karibu na mstari wa ikweta, nyota hiyo imelala nyuma ya miti ya msitu, panda juu ya paa utakavyo, hutaiona. Kinasema mwezi mchanga unasimama wima, mwanga uko upande wa kulia. Haya, tokeni jioni mkaangalie. Msiniamini mimi, wala msikiamini kitabu. Inueni kichwa.

Wanafunzi arobaini wakacheka, wakaenda nyumbani, karibu wote wakasahau. Eddy alichora mpaka Krismasi, akachoka. Plamedie hakuchoka. Kila mwezi ulipoandama alishuka ukingoni, karibu na maporomoko ya Wagenia, mahali ambapo magharibi ni maji matupu, akanyoosha mkono na kupima kwa ngumi kama alivyofundishwa: ngumi moja ni digrii kumi. Aliona mwenyewe kwamba kila jioni mwezi unaliacha jua kwa ngumi moja na kitu. Aliona kwamba mwezi wa kwao hausimami. Unalala chali, mwanga chini, kama mtumbwi. Na aliona jambo ambalo hakuambiwa na mtu: kwamba Septemba mtumbwi huo unaegemea kulia, Desemba umetulia, Machi unaegemea kushoto. Alipompelekea mwalimu kurasa hizo, Isaïe alinyamaza muda mrefu, akazipitia tena moja moja, akaandika chini kwamba imeonwa vizuri sana, akaweka sahihi yake yenye mkia mrefu. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi hiyo. Plamedie alikuwa na miaka kumi na minane na hakuna mtu mzima aliyewahi kunyamaza hivyo mbele ya kazi yake. Akampenda mwalimu wake kama mtu anavyompenda baba.

Basi asubuhi hiyo aliliweka daftari mkobani, chini ya kitambaa, akabeba ngolo mkononi, akaenda.

Mkaguzi aliahidi saa mbili, akafika saa tano. Jina lake Patrice, mtu mnene mwenye sauti ya upole na begi la ngozi ambalo hakuliachia hata alipokaa. Mwalimu Isaïe alimvutia kiti, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe. Ndani ya begi hilo mlikuwa na faili la mwalimu huyo. Miaka kumi na moja alikuwa akifundisha bila jina lake kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, akila michango ya wazazi, na wazazi wenyewe ndio hao akina Mama Simone. Mkaguzi akiandika neno zuri, faili lingepanda ndege kwenda Kinshasa. Akiandika baya, lingerudi kulala. Darasa zima lilijua hilo. Plamedie pia alijua, na aliomba Mungu kwa ajili ya wote wawili.

Maswali yalianza vizuri. Mito, madini, kwa nini usiku na mchana hapa vinakaribia kulingana mwaka mzima. Plamedie alijibu yote, Eddy alikosa mawili. Kisha mkaguzi akafungua kitabu, akawaita wote wawili ubaoni, akasema wachore mwezi wa siku ya tatu, jioni, jua likishazama.

Eddy akachora mwezi uliosimama wima, mwanga kulia. Alichora haraka na hakuangalia upande.

Plamedie akachora mtumbwi.

Mkaguzi akauangalia, akainamisha kichwa begani kama anayetaka kuunyoosha, darasa likacheka. Akauliza, bado kwa upole, kama mwezi huu ulikuwa umelewa. Wakacheka zaidi.

"Nani alikufundisha hii?"

"Ni Monsieur Isaïe," alisema Plamedie. "Tunauangaliaka kila mwezi. Hapa kwetu unalala. Na leo ni siku ya tatu, Monsieur l'Inspecteur. Jioni mutauona."

Mkaguzi akajibu kwamba jioni atakuwa njiani, hakuja Kisangani kungoja mwezi. Akamgeukia mwalimu. Isaïe alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

"Mi nafundisha programme, Monsieur l'Inspecteur," alisema. "Vile iko ndani ya kitabu. Huyu mutoto iko muzuri, lakini iko na imagination mingi."

Plamedie alisikia vizuri, na bado alidhani amesikia vibaya. Akamwangalia. Mwalimu akavaa miwani na kuangalia ubao, upande wa Eddy.

Mkoba ulikuwa begani mwa Plamedie. Ilikuwa ni kufungua kifungo kimoja, kusogeza kitambaa, kulitoa daftari na kulilaza juu ya lile begi la ngozi: kurasa za miezi minane, sahihi zenye mkia mrefu, maneno yale. Mkono wake ulifika mpaka kwenye kifungo. Lakini aliliona lile faili kana kwamba begi ni la kioo, akaona viatu vya mwalimu vilivyoshonwa pembeni kwa uzi wa nailoni, na mkono ukashuka wenyewe. Alirudi kwenye benchi akakaa. Alijiambia kwamba Monsieur anajua anachofanya, baadaye atamweleza mkaguzi pembeni, watu wazima wana njia zao. Aliliamini hilo kwa muda wa saa mbili hivi, na ndizo saa zilizomtia aibu kuliko zote alipokuja kuzikumbuka.

Kwa sababu wakubwa walienda kula. Kutoka uani walisikika wakiongea juu ya barabara na mvua, vijiko vikigonga sahani, na harufu ya ngolo wa Mama Simone, aliyepikwa kwa mafuta ya ngazi, yale ya mawese, na kuliwa kwa lituma ya ndizi za kupondwa, ilijaa mpaka darasani. Isaïe alikuwa anacheka humo. Plamedie aliitambua sauti yake.

Saa tisa mkuu wa shule akasoma karatasi. Ni Eddy. Mwanafunzi wa kike anasifiwa kwa bidii, ila hajui vizuri yaliyomo kwenye programu. Watu wakapiga makofi, mkaguzi akapanda pikipiki yake, begi kifuani.

Eddy alimfuata mpaka getini. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

"Ungechora tu ile ya kitabu," alisema. "Hata mi najua iko inalala. Tuliuona pamoja."

"Ulijua?"

"Monsieur alituambia jana tujibu kama kitabu. Wewe ulikuwa umeenda kuteka maji."

Alitaka kumuuliza kwa nini yeye, Eddy, hakuja kumwambia, maana kutoka jana mpaka leo ni muda. Hakumuuliza. Jibu alikuwa nalo, na mwalimu pia alikuwa na usiku mzima wa kumtumia neno. Aliondoka kwa mguu. Nauli ya baiskeli aliyopewa na mama ilibaki mfukoni, kwa sababu baiskeli ingemfikisha haraka mno.

Mama Simone alikuwa barabarani mbele ya nyumba na sinia lake. Alimwona mtoto anavyokuja, akaacha kufukuza nzi. Plamedie akamweleza yote, kwa maneno machache, akiwa amesimama. Mama hakulia wala hakulaani.

"Alikula samaki?"

"Alikula."

"Yote?"

"Na kichwa."

Mama Simone akarudi kupanga samaki, wakubwa juu, wadogo chini.

Jua lilipozama tu, mwalimu Isaïe akafika. Plamedie alimwona kwa mbali, na hebu tuseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha. Alidhani amekuja kuomba msamaha. Alishakuwa tayari kusamehe hata kabla mwalimu hajavuka mtaro. Isaïe akamsalimu mama, akakataa kiti, akauliza habari ya biashara. Akasema maisha ni magumu. Akasema Plamedie ni wa kwanza kati ya wote aliowafundisha, kila mtu anajua. Kisha akashusha sauti, akauliza lile daftari liko wapi.

Plamedie akasema lipo.

Isaïe akaeleza kwamba mkuu wa shule amesikia wanafunzi wakilitaja. Likifika kwa mkaguzi na zile sahihi, faili limekwisha. Miaka kumi na moja, alisema, mama, niko na watoto watano. Anipatie tu, nitalitunza mwenyewe.

"Nilikuwa nalo begani," alisema Plamedie. "Ndani ya darasa. Ningeweza kulitoa."

"Najua," alisema Isaïe, na kwa kweli alisema kwa upendo. "Nilijua hautalitoa. Ndiyo sababu nilijibu vile."

Hapo ndipo ilipomuuma Plamedie. Ubaoni haikuuma hivi, wala mkuu aliposoma karatasi. Ule wema wake wote, kule kushusha mkono, mwalimu alishauhesabu mapema na kuutumia.

Plamedie aliingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akakaa kwenye kigoda mbele yao, akafungua ukurasa mpya. Ng'ambo ya mto, juu ya maji, ngumi tatu na zaidi juu ya miti, mwezi ulikuwa pale. Umelala chali, mwanga chini, umetulia kabisa. Akanyoosha mkono akapima. Akauchora. Akaandika tarehe, saa na mahali. Halafu akamgeuzia mwalimu daftari na kumpa kalamu, kama alivyofanya kila mwezi tangu Septemba.

"Saini hii tu, Monsieur, nitakupatia yote. Angalia kwanza kama iko vile."

Isaïe hakupokea kalamu. Hakuangalia mwezi pia. Yeye aliyewaambia watu arobaini wainue kichwa alikuwa anaangalia viatu vyake, ule uzi wa nailoni, na mkono wake ulibaki umenyooshwa kwenye daftari peke yake. Wapita njia walianza kugeuka. Plamedie akangoja kidogo, kisha akalivuta daftari akalilaza juu ya magoti ya mama yake.

"Mama, saini wewe."

"Mi?" Mama Simone akamwangalia mwalimu, akamwangalia mtoto. "Wapi?"

"Hapa chini. Kama kwenye kikapu."

Mama Simone akapangusa mafuta ya samaki kwenye kitenge, mkono mmoja, halafu mwingine. Akashika kalamu. Lakini hakuandika mara moja. Kwanza aliinua kichwa, akauangalia mwezi muda mrefu, akauangalia mchoro, akauangalia mwezi tena. Ndipo akainama na kuandika polepole herufi zake sita.