Ndevu za Mfalme Ipi

Asubuhi ya nne baada ya kutawazwa, Mfalme Ipi alijipaka asali kidevuni, na yaya wake Tamiti akafungua kamba ya ndevu ili amwoshe. Ndevu zenyewe zilikuwa za manyoya ya mbuzi. Kila mfalme wa nchi ya Mto huzivaa, awe na kidevu cha kuzibeba au asiwe nacho, na Ipi alikuwa na miaka mitatu. Siku ya kuvishwa alicheka akasema zinamtekenya. Sasa kamba ilifunguka, na ndevu zikabaki palepale. Zilikuwa zimeota.

"Zimeshika," Tamiti alimwambia waziri Senbi.

"Afadhali. Zilikuwa zinamwangukia kwenye supu," Senbi akajibu, akaweka mezani donge la udongo mbichi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mfalme. Amri yoyote, iwe ya kuchimba mfereji au ya kumpeleka mtu machimboni, ilifungwa kwa udongo, na udongo ni lazima upigwe muhuri kwa mkono wa mfalme mwenyewe. Ipi aliupenda mchezo huo. Alibonyeza pete yake ya muhuri kwenye udongo akapiga makofi, na kila alipobonyeza alizeeka mwaka mmoja. Hakurefuka hata kidogo. Kufikia msimu wa mafuriko ndevu zilikuwa na mvi, magoti yanamuuma, na bado alilala amekumbatia kiboko chake cha mbao chenye kinywa cha kufunguka.

Watumishi walimchongea mkongojo mfupi. Wapishi wakaanza kumpondea nyama. Tabibu alimkagua, akasema ni uzee wa kawaida. Jamani, mtoto hajamaliza kuota meno! Tamiti alisimama na bakuli mkononi, akiwatazama mmoja mmoja. Hakuona hata mmoja aliyeshtuka.

"Bwana Senbi, mtamuua huyu!"

"Mimi namletea udongo tu, mama. Anayebonyeza ni yeye."

Basi Tamiti akamfundisha Ipi neno moja. Walilifanyia mazoezi siku nzima, hata wakati wa kuoga. Kesho yake udongo ulipoletwa, mfalme aliweka mikono mgongoni.

"Sitaki."

Tamiti alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Senbi hakukasirika. Aliinama paji la uso likagusa sakafu, maana neno la mfalme ni sheria.

"Mfalme hataki kupiga muhuri tena," akamwambia karani. "Andika."

Karani akaandika, akakunja karatasi ya mafunjo, akaifunga uzi, akabandika udongo juu ya fundo. Kisha wote wakamgeukia Ipi, wakasubiri.

"Si kasema hataki!" Tamiti akapiga kelele.

"Ndiyo kasema. Lakini bila muhuri, nani atajua?"

Ipi alimtazama yaya wake, aone kama amefanya vizuri. Halafu akabonyeza, kwa sababu alitaka amri yake itimizwe. Akaketi, akaomba kiboko chake, akafa kwa uzee kabla hajaletewa.

Kwa desturi, amri ya mwisho ya mfalme huzikwa naye, kwa hiyo waliiweka kifuani pake. Nyingine zilibaki, na mfereji ukaendelea kuchimbwa. Jeneza lilikuwa la kitoto, ikabidi ndevu zikatwe ili kifuniko kifunge. Senbi alizipeleka zikafuliwe na kutiwa rangi nyeusi.

Mrithi alikuwa Hunay, binamu wa marehemu, mwenye mwaka mmoja na nusu. Tamiti aliitwa kwa kuwa ndiye aliyejua kufunga ile kamba.

"Siifungi," alisema. "Mnisamehe, lakini siifungi."

"Basi nitaifunga mwenyewe," Senbi akasema. "Ila mkono wangu hubana."

Tamiti akampokonya kamba. Aliifunga nyuma ya masikio madogo, akailegeza kadiri alivyoweza. Mtoto alicheka kwa kutekenywa, kisha akaunyooshea mkono udongo uliokuwa mezani.