Sukari kwenye Jino Bovu

Wewe jino limewahi kukuuma ukiwa umekatazwa dawa? Kama bado, basi nyamaza, ndivyo Herieth alivyotaka kumwambia yule baba wa mwisho wa benchi aliyejifunga taulo kuzunguka taya kama mtoto mwenye matubwitubwi, anayemhadithia kila anayeingia jinsi alivyotia maji ya betri kwenye jino, jino likapasuka, anasema, gari ndiyo haikuwaka, na watu wanacheka huku wameshika mashavu, maana kucheka na jino bovu nako ni adhabu, lakini Herieth hakucheka, alikuwa amekibana kifuniko cha chupa ya chai katikati ya magoti, kimejaa uji, mama yake amemmiminia sasa hivi na kusema kunywa, mama, kunywa ungali moto, usiende kung'olewa na tumbo tupu, na gego la chini kushoto linapiga, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyokwisha kufukuzwa, na kila basi la mkoani linalopiga honi huko chini, kituo cha Kwa Mathias, linapita kwanza kwenye jino ndipo liendelee na safari yake ya Morogoro... utaitwa sasa hivi, alisema mama, vumilia, na Herieth akaitikia kwa kichwa, kichwa nacho kikauma. Daktari siku ile ya kwanza alichungulia akasema limetunga usaha, silitoi likiwa hivi, meza antibayotiki kwanza, urudi Ijumaa, na kalamu ikashuka kwenda kuandika dawa ya maumivu, ya nguvu kidogo, alisema, ulale, na Herieth akamzuia, akasema ana aleji na dawa kali, aleji, neno safi, neno la watu wenye bima, mwanamke mwenye digrii hawezi kumwambia kijana aliyevaa koti jeupe kwamba daktari, mimi ni mlevi wa tramadoli, niandikie panadoli na uniombee, basi akaandikiwa panadoli, na panadoli kwa jino lile ilikuwa kama kumtuma mgambo asiye na rungu akazuie ng'ombe, na ganzi je, hiyo ya sindano, huko soba, nyumba ya kuachia dawa alikokaa kabla ya kwenda kwa mama, walimwambia ganzi haina neno, ya sindano ya fizi haina neno, wewe ogopa unachokwenda nacho nyumbani... nyumbani, sasa nyumbani ni wapi, Tangini nyumba yake anaiona kutoka dirisha hili kama angesimama, si nyumba, bati, yale mabati ya kijani, mumewe Evodius yuko humo na mwanawe Dina yuko humo, au wako shule na kazini, ni asubuhi, na yeye ametoka Kisarawe kwa mama yake kama binti aliyerudishwa. Ilianza na kiuno, kila mtu ana hadithi yake na ya kwake ni kiuno, bodaboda ilimwangusha pale pale chini kwenye kituo, akaandikiwa tramadoli za muda, kiuno kikapona, yeye ndiye hakupona, alikuwa anazifungua kati, zile za kijani na njano, anamwaga unga kwenye ulimi ili ziwahi, uchungu ule hakuna kitu kinachofanana nao, si mwarobaini, si kwinini, unakaa nyuma ya ulimi kama neno ulilotaka kusema ukaghairi, halafu linakuja lile joto, taratibu, kutoka miguuni, na pua inawasha, pua ilikuwa inawasha daima, Evodius alidhani ni mafua, mwaka mzima mume wake alimnunulia dawa ya mafua... na siku ile ya sufuria, hapana, asiifikirie siku ile, maharage yaliungua, pazia likashika, na Dina, darasa la kwanza, alimvuta mama yake kwa mkono kutoka kwenye kochi mpaka barazani, akimwambia amka mama moshi, amka mama moshi, nywele zake za mbele zimekunjamana kwa moto, na Herieth alipoamka barazani majirani wakiwa wamejaa na ndoo alimuuliza mtoto kwa nini umenivua kiatu. Kiatu. Ndilo neno lake la kwanza. Kesho ni Jumamosi, kesho Evodius atakuja soba na Dina, Herieth atakojoa kwenye kile kikopo mbele ya mlango ulioachwa wazi, watachovya kile kijiti cha kupimia tramadoli, na kijiti kikisema yuko safi Dina atapanda naye kwenda Kisarawe kwa likizo yote, amekwisha kufunga begi, Evodius alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, amefunga begi, ametia na yule mwanasesere wa mguu mmoja, sasa ole wako, Herieth, safari hii ole wako, na yeye alisema sina wasiwasi, na kweli hakuwa nao... Unywe basi, alisema mama, unapoa, na yule baba wa taulo akamwambia mama, bibi mwachie, mgonjwa wa jino uji ni mateso, nipe mimi, na mama akasema kwa ukali ambao haukuwa na mahali, huu si wako, halafu akacheka kidogo ili kuulainisha, na Herieth akapeleka uji mdomoni upande wa kulia, akaupitisha mbali na jino, lakini uji una miguu, ukafika, na jino likapiga ukelele mpaka kwenye sikio, mpaka kwenye jicho, machozi yakamtoka, kwa sababu ya sukari, sukari tele... sukari. Akauteremsha uji magotini. Nyumba ya mama yake, mama Justa, haina sukari. Tangu baba alipokatwa mguu kisha akafa kwa ugonjwa wa sukari mama aliifukuza sukari ndani ya ile nyumba kama mtu anavyomfukuza mwizi, wageni wanakunywa chai kavu na kusifia, mchungaji mwenyewe anakunywa kavu na kusifia, mtaa mzima wanajua, kwa mama Justa uende umekwisha kulamba sukari yako kwako, na mama huyu ndiye anayetibu meno ya watoto wa mtaa kwa karafuu na maji ya chumvi na kuwachapa wakionekana na pipi, sasa mwanamke huyo, kwa akili zake, amtilie binti yake mwenye gego lililooza sukari vijiko vingapi kwenye uji, na ukwaju juu, ukwaju na sukari... unafunika nini kwa ukwaju na sukari, mama. Usilifikirie. Mabasi yanapiga honi. Mwanamke mmoja ametoka ndani akiwa na pamba mdomoni, anaonyesha kidole gumba kama mshindi wa uchaguzi. Usilifikirie, ni Jumanne tu, Jumanne ulilala, ndiyo, baada ya zile usiku za kuzunguka ukuta kwa ukuta huku umeuma khanga, mama anakaa nje ya mlango wa chumba kwenye kigoda, anamsikia, Herieth anakiona kivuli chake chini ya mlango, kivuli hakiondoki mpaka alfajiri, halafu Jumanne mama akaleta uji jioni, kunywa, mama, nimeutia ukwaju upate kushuka, na Herieth akanywa, akalala kama mtoto aliyenyonya, Jumatano akaamka akasema maombi yamejibiwa, na jioni kwenye jumuiya akasimama, yeye ambaye kwa mdomo wake mrefu wa chuo alikuwa anazicheka shuhuda za watu, akasimama katikati ya wale mama na kutoa ushuhuda, akasema Bwana ameniondolea maumivu bila kidonge, wote wakasema amina, wakapiga vigelegele, na mama yake, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye amina yake husikika mpaka barabarani, hakusema amina, aliinama akawa anaokota kitu kwenye mkeka, kitu kisichokuwepo, anaokota, anaokota... Na pua. Pua yake ilikuwa inawasha kwenye ushuhuda. Alikuna pua akimsifu Mungu. Dawa haitupwi, mama husema hivyo, dawa haitupwi, mtu akipona zinazobaki zinaingia kwenye lile kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, za malaria, za mafua, za mtu aliyekwisha kufa, na mzee Mwinshehe jirani akishikwa na mgongo anabisha hodi, dada Justa nitazamie, na mama anatazama, anachagua kwa rangi, hii ilimfaa marehemu, na mtu anapona au haponi lakini hakuna aliyewahi kutupa dawa Kisarawe, ingekuwa kama kutupa chakula, kwa hiyo siku ile mama alipokwenda Tangini kuzitoa tramadoli zote kwenye gunia la mchele na kwenye mto na kwenye sanduku la cherehani, akazileta, akasimama mlangoni pa choo cha shimo mbele ya katibu wa jumuiya, akakung'uta mfuko na kusema zimekwenda, Herieth alisimama pale na kulia kama kwenye mazishi... mfuko ulikuwa mwepesi, alijua, mkono wa mlevi unajua uzito wa mfuko, aliuona ni mwepesi na hakusema, kwa nini hukusema, Herieth, kwa sababu kujua ziko mahali fulani duniani kulikuwa faraja, ndivyo, sema. Na Jumanne ulijua. Funga mdomo. Ulijua, ulimi wako ulijua, ulimi uliokwisha kulamba unga ule mwaka mzima hauwezi kudanganywa na ukwaju, chini ya sukari kulikuwa na lile neno ulilotaka kusema ukaghairi, na ulifanya nini, uliuliza, mama, huu uji umetia nini, la, ulisema mama uji huu mtamu, niongeze. Niongeze. Kikombe cha pili, na Jumatano, na jana, na kila jioni mlikuwa mnatazamana juu ya mvuke kama watu wawili wanaoiba nyumba moja kila mmoja kwa mlango wake. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, miguu haifiki vizuri sakafuni, pindo la khanga limefungwa fundo dogo ambalo vidole vyake vinalipapasa na kuliacha, vinalipapasa na kuliacha, fundo la watu wa zamani, la sadaka na ufunguo, na sasa la unga ule, na Herieth alitaka kumpiga, Mungu amsamehe, alitaka kumkamata yule mwanamke mdogo wa mifupa na kumtikisa, umeniua, ulikuja semina ya familia pale soba, ukakaa mbele, ukatikisa kichwa, ukasema tumeelewa, uliwaelewa nini, na kesho kijiti kitasema, na mimi nitasema nini mbele ya Evodius, kwamba mama yangu alinitilia kwenye uji, kila mlevi ana mtu aliyemtilia kwenye uji, hata mimi nisingeamini, Dina atasimama na begi lake... lakini vidole vile. Vidole vile vilivyokuwa nje ya mlango usiku kucha, mwanamke aliyemuuguza mume mpaka akafa kwa maumivu akiambiwa na wasomi vumilieni, mwanamke asiye na silaha nyingine duniani ila kopo lile, anamsikia mwanawe akiuma khanga, angefanya nini, na Herieth alijua kwamba kama Dina angelia vile angemtilia, angemtilia chochote, na hapo kitu fulani kikavunjika ndani yake bila kelele, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Ungali umejaa. Kijiti kesho kitasema hata asipoongeza, yameharibika, sasa kimoja zaidi kina tofauti gani, jino linapiga, anywe tu na asijue, wote wawili wasijue, watu wengi wazuri wanaishi hivyo miaka na miaka, akakiinua, akausikia ule uchungu kabla haujafika, mate yakamjaa, mate, kama mbwa, na mlango ukafunguliwa.

Nesi alikuwa mdogo, ana glovu mkono mmoja, akamsalimia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, nesi akamwambia Herieth dada ni wewe unayefuata, na kabla ya kuingia daktari anataka kujua kama kuna dawa yoyote amemeza leo au jana usiku, yoyote, hata ya kienyeji, na Herieth akasikia sauti yake mwenyewe, ile sauti safi, ile sauti ya aleji, ikisema, "Sijameza kitu," na ilipotoka akajua hakuwa anamlinda mama yake, alikuwa anakilinda kikombe, bado kilikuwa mkononi, bado alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama kitu kitakatifu, na nesi akasema vizuri sana, maana anakwenda kuchomwa sindano ya ganzi, wengine wanaficha wanachomeza halafu wanatuzimikia kitini, na yule baba wa taulo akasema mimi maji ya betri nimetaja, watu wakacheka wakishika mashavu, honi ikapigwa chini, jino likapiga, Herieth akafungua mdomo aseme na mdomo ukakataa, macho yake yakiwa kwenye uji, na pembeni yake mkoba ukaanguka sakafuni, mama Justa alikuwa amesimama, khanga imemteleza begani na hakuiinua, mkono mmoja umelishika lile fundo, mwingine umenyooshwa mbele ya kifua cha binti yake kama mtu anayezuia gari.

"Usimchome, mwanangu," alimwambia nesi, "mtamuua. Amemeza. Amemeza jana, na juzi, tangu Jumanne, na humo kikombeni imo. Ni zile alizokatazwa. Nilisema nimezitupa, sikuzitupa. Namtilia mimi, mama yake."