Kitambaa cha Kiwele

Nilipoipindua ndoo ya shangazi, maziwa hayakukimbia kama maji. Yalijikunjua polepole juu ya vumbi, meupe pe, povu likipasuka kwa sauti ndogo, hadi yakagusa viatu vya fundi cherehani aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Hakurudi nyuma. Ugonjwa ulikuwa umemkausha akabaki mifupa, na maziwa yale ya ngamia aliyaita dawa yake.

"Umepagawa?" shangazi akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele.

Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu, kwa ngamia saba wa zizi lake nyuma ya soko la mbao. Niliporudi na stashahada ya afya ya mifugo, nikaajiriwa maabara kupima vinyesi, alicheka hadi akakaa chini. "Daktari wa mavi kaja! Zibeni pua!" Lakini hakuna mteja ambaye hakuonyeshwa picha yangu ya mahafali.

Ngamia hatoi maziwa bila ndama wake. Shangazi alimwachia ndama anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni, akafuta chuchu kwa kitambaa cha bluu, akakamua akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ndoo juu ya goti. Ungependa kumtazama. Mwezi ule ndama wawili walikuwa wanaharisha, na shangazi, kwa usafi wake, hakuvumilia ndama mchafu. Aliwafuta makalio, akasuuza kitambaa kwenye beseni, akarudi kwenye chuchu. Kitambaa kile kile. Nilikitazama tangu utotoni bila kukiona.

Jumatatu nilichukua kinyesi cha ndama. Jumanne nikakipaka kwenye kioo, nikakitia rangi, nikainamia darubini. Viduara vyekundu vimetapakaa juu ya kijani: vimelea vya utumbo. Mtu mzima mwenye afya vitamsumbua wiki moja, mbili, kisha basi. Mtoto mchanga, au mtu ambaye mwili wake umeshachoka, hiyo ni habari nyingine.

Jioni nikampelekea jibu. "Chemsha maziwa, shangazi. Na kitambaa hicho kitupe."

"Nikichemsha nitauza nini, uji? Watu wanafuata mabichi." Akanipiga kikofi cha mapenzi begani. "Na wewe umekulia haya haya. Mbona hukufa?"

Jibu nilikuwa nalo. Adabu ikanifunga mdomo. "Haya, shangazi," nikasema, nikaenda zangu.

Siku ile ile dada alinitumia ujumbe: binti yake wa miezi minane anaharisha. Meno hayo, nikamjibu. Sikuuliza anakunywa nini. Sikujua kwamba kila asubuhi shangazi alimpitishia chupa ya maziwa, mtoto apate nguvu.

Ijumaa macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Jumamosi maabara ya hospitali ikatoa jibu la choo chake. Vimelea vya jamii ile ile. Mtoto alikuwa ameshafariki tangu alfajiri.

Jumapili, shangazi, macho yamevimba kwa kilio, alisimama langoni akiwapimia watu maziwa mabichi.

Baada ya kuimwaga ndoo niliwaambia wote, kwa sauti, kilichokuwa ndani yake na kilikofika. Fundi cherehani akanitazama. "Sasa mimi nimekunywa nini miezi yote hii?"

"Nenda kapimwe," nikasema. "Leo hii."

Alikwenda. Wengine wakaenda pia, na hawakurudi langoni. Kabla ya mwaka kwisha zizi lilikuwa tupu.

Dada yangu nilimwomba radhi kwa lile neno moja, meno. Nilipiga magoti. Hajanijibu hadi leo, na simlaumu.

Miaka sita imepita. Juzi shangazi aliniita. Hatoki tena kitandani. Nilimgeuza ubavu, nikamfuta mgongo, nikambadilishia shuka.

"Ulinivua nguo mbele za watu," akasema akiutazama ukuta. "Mimi niliyekulea. Neno moja tu nataka, nife nalo."

"Ilinipasa niimwage Jumanne ile ile," nikasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Lakini kwa kuimwaga, shangazi, sikuombi radhi."