Kabla Hajakosea

Kila asubuhi, kengele ya kiwanda ikiwa bado haijalia, mkata vitambaa alifuta meza yake, akanoa mkasi, akaujaribu kwenye kipande cha kitambaa chakavu. Leo mkono wa msimamizi ulimtangulia kuushika.

"Uache tu, mama. Majibu ya picha yametufikia."

Mwezi uliopita wafanyakazi wenye umri mkubwa walipelekwa hospitali, wakalazwa ndani ya mashine inayopiga picha ubongo. Waliambiwa ni kwa faida yao: ugonjwa wa kusahau ukigunduliwa mapema, mtu husaidiwa mapema. Daktari alimwambia mkata vitambaa kwamba ameona dalili ndogo. Huenda ugonjwa ukaja baada ya miaka, huenda usije. Aendelee na kazi, alisema. Kazi nayo ni dawa.

"Nimekata vibaya lini?"

"Hujakata vibaya, mama yangu. Ndiyo maana tunakupumzisha sasa, uondoke na heshima yako."

"Na hiyo heshima naipika na nini?"

Wenzake walicheka, kisha wakainama. Binti yake, aliyekuwa akishona vifungo safu ya pili, hakuinua uso kabisa.

Nyumbani walianza kumwangalia kama maziwa yaliyo motoni. Jirani alimuuliza binti, "Mama anaendeleaje?" naye mama amesimama papo hapo. Mchuzi wake ulionjwa kabla ya kupakuliwa. Akipotewa na jina la mtu, jambo lililompata tangu ujana, nyumba nzima ilinyamaza. Na katika kimya kile alianza kukisikia kitu kikitafuna ndani ya kichwa chake, taratibu, kama mchwa kwenye boriti.

Jioni moja walikuwa wakikunja nguo.

"Mama, umefunga mlango wa nyuma?"

"Nimefunga."

Binti akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Mlango wa nyuma umefungwa, mama?"

"Si umeniuliza sasa hivi? Mwanangu, una nini?"

"Wameshusha umri. Kesho ni zamu yetu kupigwa picha."

"Usiende."

"Asiyekwenda harudi kazini. Na humu ndani anayefanya kazi nimebaki mimi tu."

Mama alimshika mkono. "Basi nenda. Hawataona kitu. Wewe ni damu yangu."

Binti aliutoa mkono wake polepole, kama anayechomoa sindano asichane kitambaa.

"Hiyo damu, mama," alisema, "ndiyo ninayoiogopa."